Zamu ya Mikaeli

Kwenye kambi za mkonge za Ngombezi kila kitu kilikwenda kwa zamu: bomba la maji, choo, lindo, hata kuumwa, maana zahanati ya shamba iliwapokea watu wa kambi namba tatu siku ya Jumanne tu. Bendi ya shamba ilipoanzishwa, hakuna aliyeshangaa utunzi nao kuwekewa zamu. Wimbo alitunga yeyote aliyejaliwa, lakini jina la mtunzi lilikwenda kwa aliyefikiwa na zamu. Kila mtu atajwe redioni walau mara moja kabla hajafa, alisema kiongozi wa bendi, na wenzake wakaona hiyo ndiyo haki pekee waliyowahi kugawiwa sawasawa pale shambani.

Semboja alikuwa Mzigua wa Handeni aliyekuja kukata mkonge akaishia kupiga gitaa. Mwaka 1986 surua ilimchukua binti yake wa kwanza, Hafsa, akiwa na miaka miwili. Mkewe Kudra akawa halali usiku wala mchana. Semboja alikaa naye chumbani akimpigia gitaa polepole, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya kumwambia, akamtungia mistari minne. Ikawa wimbo. Akauita "Hafsa Kalala".

Gari la kurekodi lilipofika mwaka uliofuata, fomu iliuliza mtunzi ni nani. Zamu ilikuwa ya Mikaeli, mpiga besi, Msambaa wa Lutindi. "Andika Mikaeli," Semboja alisema, tena kwa nafuu, maana kutia jina chini ya kifo cha mwanao aliona ni kama kujisifu. Yeye zamu yake iliangukia wimbo ambao Mikaeli ndiye aliyeutunga, "Tusichelewe Kazini". Redio iliupiga mara mbili. Inasemekana hata meneja hakuupenda.

Miaka ikapita, shamba likasinzia, bendi ikazikwa mmoja mmoja mpaka akabaki Semboja peke yake. Ndipo kampuni moja ya kubeti ilipotaka wimbo wa zamani wenye utulivu kwa ajili ya tangazo. Wakafuata sheria hatua kwa hatua. Walitafuta mtunzi kwenye kumbukumbu, wakakuta amefariki, wakamtafuta mrithi, wakamlipa, wakapewa leseni. Kisha wakampa binti mmoja wa Dar auimbe upya na kuongeza maneno kidogo: "Hafsa kalala, wewe amka uweke mkeka!" Mkeka wenyewe ni tiketi ya kubeti.

Tangazo likaanza kusikika stendi ya Korogwe, saluni, kwenye bodaboda zenye spika. Majirani, ambao tangu zamani walimwita Kudra Mama Hafsa, walipata la kuchezea.

"Mama Hafsa, mtoto kalala?" muuza duka alimwuliza asubuhi moja, akimpimia sukari. "Mwamshe basi, leo Simba wanacheza!"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amezaliwa miaka kumi baada ya msiba. Kudra aliiacha sukari kwenye mizani, akarudi nyumbani, akafunga nguo zake kwenye kanga.

"Baba Hafsa, nakwenda kwa dada Handeni," alisema. "Likizimwa, uje unichukue."

"Na lisipozimwa?"

"Basi usije."

Kwa dada yake mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Kudra alikuwa amefikiria vizuri.

Semboja alisubiri mwezi. Maofisa wa hakimiliki walipokuja Korogwe kusajili wasanii, alivaa koti, akakaa kwenye foleni na vijana wenye hereni, akafika mbele ya binti mpole aitwaye Angel.

"Shikamoo mzee. Jina?" Angel akabofya kompyuta, akafurahi. "Mzee wangu, mbona umo! Una wimbo mmoja, 'Tusichelewe Kazini'. Hongera sana."

"Huo si wangu."

"Ni wako, jina lako hili hapa."

"Aliutunga Mikaeli. Wangu ni 'Hafsa Kalala'."

"Lakini huu umeandikwa Mikaeli."

"Ilikuwa zamu yake."

Angel aliacha kubofya. Fomu ilikuwa na nafasi ya mtunzi, ya mshairi, ya mpangaji wa muziki na ya mrithi. Ya zamu haikuwamo.

"Mzee, kama ni mirabaha unayodai..."

"Sitaki hela. Nataka uzimwe."

Hilo lilimgusa, akamweleza kwa utulivu. Sheria humlinda mtunzi tangu anapotunga, asajiliwe asisajiliwe. Inampa hata haki ya kukataa kazi yake isiharibiwe wala kudhalilishwa. Semboja alisikiliza kwa heshima. Ilikuwa sheria nzuri, kama imetungwa na mtu aliyewahi kufiwa.

"Ila lazima tujue mtunzi ni wewe. Nani mwingine wa bendi alikuwepo?"

"Wote wamekufa."

"Mtoto mwenyewe aliitwa Hafsa?"

"Ndiyo."

"Kuna akina Hafsa wengi, mzee." Akafikiri. "Ila mrithi wa Mikaeli akikiri kwa maandishi kwamba si wa baba yake, hapo tuna pa kuanzia. Na huu wa kazini usijali, unalindwa maisha yako yote, na miaka hamsini ukishafariki."

Semboja alimshukuru.

Bodaboda ya kwenda Lutindi ilimgharimu kuku wawili. Filomena, bintiye Mikaeli, alimpokea kama baba mdogo, akampa chai na viazi, akamwonyesha picha ya bendi ukutani. Semboja alieleza yote. Filomena alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kikimpoa mkononi.

"Baba, huo wimbo tulimpigia hadi kaburini. Alituambia ni wake."

"Hakuwahi kuwaambia Hafsa ni nani?"

"Alisema ni jina tu, lilikaa vizuri kwenye tuni."

Semboja aliitazama picha. Mikaeli alikuwa amepongezwa kwa wimbo ule miaka ishirini na minne, harusini, misibani, kanisani. Mtu gani angeendelea kukanusha?

"Mimi nakuamini," Filomena alisema polepole. "Baba hakujua kutunga cha kuliza. Lakini nilisaini kwamba wimbo ni wa kwetu. Nikiandika si wetu, wananidai hela yao na fidia juu. Na hela ndiyo hiyo." Akaonyesha juu kwa kidevu. Nyumba ilikuwa imeezekwa bati jipya la bluu.

"Mkataba ni wa muda gani?"

"Miaka mitatu. Wakipenda wanaongeza."

"Mimi nina sabini na mbili."

"Najua, baba."

Hakuna aliyevunja sheria, na hilo ndilo lililomchosha Semboja kuliko kupanda mlima. Angekuwepo mwizi, angepata wa kumshika shati. Filomena alimfungashia maharage, wakaagana vizuri.

Alikwenda Handeni ingawa tangazo lilikuwa halijazimwa, kwa kuwa ilikuwa siku ya dua ya marehemu wa ukoo. Kudra alimtazama usoni mara moja. Akampa maji ya kunawa.

Walikaa mkekani. Ustadhi aliandika majina ya kuombewa: wazazi, kaka, shangazi, na mwisho Hafsa binti Semboja. Akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja, watu wakiitikia amin. Alipofika kwa Hafsa, kutoka jikoni sauti ya mwanamke aliyekuwa akikoroga pilau ikaendelea na wimbo bila kujijua, kwa sauti nzuri, mpaka kwenye kuamka na kuweka mkeka. Mwenzake akacheka, akakumbuka dua, akajiziba mdomo kwa upawa. Wazee watatu waliinamisha vichwa kuficha meno.

Kudra alingoja kimya kirudi.

"Ustadhi," alisema, "hilo la mwisho nimekosea. Futa. Andika Mwaija."

"Mwaija binti nani, mama?"

"Huyohuyo. Binti Semboja."

Ustadhi alimtazama baba wa mtoto. Semboja aliona kalamu imesimama juu ya karatasi ikimngoja, na mkewe akimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha hama.

"Andika Mwaija," alisema.

Jina likasomwa. Jikoni walinyamaza, kwa kuwa hilo halikuwamo katika wimbo wowote.