Tairi za Theluji Ukweni Zagayu

Jamani, hili nilipanga kufa nalo, lakini kwa kuwa Zagayu nzima wanalijua na hapa Bariadi linasimuliwa kwa kutiwa chumvi, heri mlisikie kwangu: mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilimpangusa mama mkwe uso kwa leso, mbele ya baba mkwe, na yote hayo kwa sababu ya tairi.

Mnajua kazi yangu, napokea pamba, na miaka yote nimetia mkono kwenye mizigo ya watu kutafuta maji na mchanga wa kuongezea uzito, basi kushuku kumenifuata mpaka nyumbani (chai ikichelewa tu najiuliza kuna nini). Ndivyo nilivyomkosea mke wangu, Mama Kabula. Nilikuta kwenye simu yake namba isiyo na jina, imepigwa mara nne kwa wiki moja, nikatamka maneno ambayo siyarudii hapa, na kesho yake akafunga mizigo akaenda kwao Zagayu. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kuomba msamaha nimrudishe, na wazee wake walishanitumia salamu kwamba nafasi ni hiyo moja tu.

Gari langu ni lile dogo la umeme, limetumika Japani kabla ya kuja huku, na lilikuja na tairi za huko zenye alama ya kilima na theluji ubavuni. Asubuhi nikapita kwa Fundi Maduhu kujaza upepo. Akainama, akapitisha kidole kwenye meno ya tairi, akatikisa kichwa, ndipo akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mkubwa. Hizi ni za nchi ya barafu, mpira wake laini. Kwa jua letu na uzito wa betri yako zimeshalika, karibu vipara. Nikufungie za majira yote, ziko hapa zinakusubiri."

Zinanisubiri? Zimejuaje kama nakuja? Hapo hapo nikajua kuna mchanga kwenye pamba: huyu anataka tairi zangu za Japani ampelekee shemeji yake, mimi anibandike makapi. Nikamwuliza, "Tairi iliyoweza theluji itashindwa na tope la Zagayu?"

"Theluji siijui, mkubwa. Tope jeusi la mbuga nalijua, na jana kule kulinyesha."

Nikaaga kwa ubaridi nikaondoka (mbele kidogo nikasimama nikakagua nati zote, asije akawa amelegeza moja).

Nilikwama hatua kumi kutoka uani kwa wakwe, kwenye ule udongo mweusi, na ukoo mzima ukatoka kutazama. Mashemeji zangu watatu wakaja kusukuma, nami badala ya kushukuru nikapandisha vioo na kufunga milango, maana mikono ilikuwa mingi na siti ya nyuma ilikuwa na zawadi. Nikakanyaga mafuta (mafuta gani, gari la umeme, lakini mdomo umezoea). Gari hilo halingurumi, na ukiligusa tu nguvu zote zinakuja kwa mara moja. Mama mkwe naye alikuwa amezunguka nyuma na mabua ya kutandika chini ya tairi, hakusikia injini, akajua limezimwa. Tope likamvaa kuanzia kilemba mpaka miguuni.

Niliruka nje, leso mkononi, nikampangusa uso. Mimi! Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mbali, macho chini, hata mkono humpi. Baba mkwe akasema taratibu, "Hilo la leso tutalikalia kikao," kisha akaagiza maksai na mnyororo wa plau, gari likavutwa kinyumenyume hadi pakavu.

Mama Kabula ndipo akasogea. Hakunisalimia, alitazama tairi.

"Fundi Maduhu hakukufungia zile nyingine?"

"Wewe Maduhu umemjulia wapi?" (Mnaona? Mama yake kajaa tope mpaka masikioni, bado nakagua.)

"Ndiye ile namba yako isiyo na jina, Baba Kabula. Nilikuwa namsumbua akutafutie tairi, maana vituo vyako vya pamba vyote viko mbugani. Nikamwambia asinitaje, ungesema tuna njama."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulinihukumu."

Hakurudi nami siku ile. Wazee walisema kwanza la mama yake lizungumzwe, kisha nije upya, na tairi zinazofaa.

Jana, wazee waliponiita tena, nilikwenda kwa Maduhu. Tairi zilikuwa bado pale, zimeandikwa kwa chaki "Baba Kabula", nami nilizipita siku ile bila kuzitazama. Akazifunga nikiwa nimesimama kando. Nimeapa sitamchunguza tena mtu anayenitakia mema, na kiapo hicho ni kizito kuliko nilivyodhani, kwa sababu leo nimekwenda tena Zagayu kuomba msamaha na nati sikuzikagua, ila njia nzima mkono ulikuwa unawasha.