Barabara Iliyommeza Mama Borghild

Mafuta yalipopatikana, yalipatikana ng'ambo ya mpaka, kwenye kaunti ya jirani. Sisi tulipata malori. Yalipita kutwa kucha mbele ya kanisa letu, yakibeba mafuta, changarawe na maji ya chumvi yanayotoka ardhini pamoja na mafuta, mpaka lami ikachanika kama shuka kuukuu. Kodi ya mafuta ilikusanywa na jimbo. Fungu nono likawekwa akiba ya vizazi vijavyo, na fungu la kaunti likapelekwa kwenye kaunti zenye visima vya mafuta. Kaunti isiyo na kisima haikuambulia kitu, hata ikanyagwe vipi.

Arlys Tveit aliendesha basi la shule, na kwa kujitolea akaendesha gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Mdogo wake, Royce, alioa ng'ambo, akahamia huko na kuchaguliwa diwani. Mama yao, Borghild, alibaki kwa Arlys.

Mwezi wa Machi, theluji ikianza kuyeyuka, Mama Borghild alianguka jikoni akioka mikate ya viazi. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Tulimpakia, mimi nikakaa naye nyuma, Arlys akashika usukani.

"Mama, vumilia. Tunafika sasa hivi."

Hatukufika. Gurudumu la mbele lilizama kwenye shimo lililojaa maji, ekseli ikakatika. Pale tulipokwama, mpaka ulionekana kwa macho, na lami ya ng'ambo, nyeusi, laini, iking'aa. Arlys aliita msaada kwa redio, kisha akaja nyuma akamkumbatia mama yake. Mama Borghild alikata roho mikononi mwake.

Gari la wagonjwa la ng'ambo likaja, jipya kabisa. Royce alikuwa nyuma yake na pikapu lake.

"Kwa nini hukupita barabara ya kaskazini, dada?"

"Ipi, Royce? Imefungwa tangu Krismasi. Malori yenu yameimaliza."

"Si malori yangu."

"Na mama je? Si wako?"

Royce alivua kofia, akasimama matopeni. 

Mwaka uliofuata kuliletwa mswada katika bunge la jimbo wa kuzigawia fungu la kodi kaunti zinazopitiwa na malori. Arlys alivaa gauni lake la kanisani, tukaenda mji mkuu kusema mbele ya kamati. Aliyesimama kuupinga, kwa niaba ya kaunti zenye visima, alikuwa Royce.

"Waheshimiwa," alisema, "visima hivi vitakauka. Siku hiyo sisi ndio tutakaobaki na mashimo."

"Sisi tumekwisha kubaki nayo!" Arlys alidakia kutoka alipoketi. "Na mama yetu alifia ndani ya moja. Mwambieni awaeleze!"

Mwenyekiti akamsihi asubiri zamu yake. Zamu ilipofika, alisimama. Alisema machache tu, akaketi. Mwenyekiti alimpa pole, akamshukuru kwa kusafiri mbali. Kamati ikaagiza suala lifanyiwe utafiti, nasi sote tunajua maana yake. Koridoni Royce alinyoosha mkono. Arlys akampita kama anavyopita nguzo.

Kaunti ya Royce ikajenga bwawa la kuogelea la ndani, lenye maji moto hata kwenye baridi kali ya Januari. Akampigia dada yake simu.

"Bwawa tumeliita kwa jina la mama. Njoo ukate utepe."

"Mama hakujua kuogelea, Royce."

"Ni heshima, dada."

"Heshima ingekuwa kifusi cha kokoto kwenye lile shimo." Akakata simu. Hakwenda.

Lakini mgongo wake, uliotikiswa miaka yote ile barabarani, ukaanza kumkataa. Daktari akamwambia dawa ni mazoezi ndani ya maji, na bwawa lilikuwa moja tu. Akapiga moyo konde, akaenda. Binti wa mapokezi akamuuliza anaishi wapi, akajibu.

"Ng'ambo ya mpaka? Basi kwako ni bei ya wageni, mama. Samahani."

Juu ya kichwa cha binti yule, jina la Borghild Tveit lilikuwa limeandikwa kwa herufi za shaba. Arlys alifungua mkoba. Alilipa, akaingia.

Aliporudi nilimuuliza maji yalikuwaje.

"Mazuri," alisema, kama mtu anayetema shubiri. "Hilo ndilo linaloniuma."