Eduvigis wa Cerro Hondo, Aliyemsikiliza Mkana-Mungu

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1874, milimani Cerro Hondo, Puerto Rico, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, Eduvigis. Baba yake alilima tumbaku ya watu wengine. Mama yake alimfundisha rozari kabla hajajua kufunga kilemba. Mwaka 1897, akiwa ameolewa, Eduvigis alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi saa tatu, akafa kabla ya kubatizwa. Kwa desturi ya siku zile, mtoto huyo alizikwa nje ya uzio wa makaburi, kwenye magugu. Eduvigis hakuacha kusali. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kung'oa magugu yale kwa mikono yake, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mumewe alipofariki aliingia kiwanda cha tumbaku, akawa miongoni mwa wanawake wachache waliokaa meza ya kusokota sigara. Kule wafanyakazi walimlipa wenyewe msomaji, Don Celestino Quiñones, aliyepanda jukwaani kila siku na kuwasomea kwa sauti huku wao wakisokota. Kitabu kilichaguliwa kwa kura. Maneno yakiwapendeza, waligonga visu vyao vya kukatia majani mezani. Yakiwachukiza, walivitupa sakafuni. Mwezi Machi 1913 kura zilifungana: nusu walitaka riwaya ya mapenzi, nusu walitaka kitabu kikali cha mkana-Mungu mmoja wa Ulaya. Eduvigis, mlezi wa kina mama wa rozari, ndiye aliyekuwa bado hajapiga kura. Akainua mkono kwa ajili ya kitabu cha mkana-Mungu.

"Doña Viges, umechanganyikiwa?" akamnong'oneza jirani yake wa meza, kwa lile jina la mkato walilomwita kiwandani.

"Wanaonitukana nataka niwasikie mwenyewe. Sitaki kuhadithiwa."

Siku ya pili Don Celestino alisoma kwamba imani ni ugonjwa wa waoga, na kwamba mwamini ni mtoto aliyezeeka bila kukua. Visu vingine viligonga, vingine vikaanguka. Kisu cha Eduvigis kilitulia. Kisha msomaji akaendelea: "Kanisa humwambia mama aliyefiwa kwamba kichanga chake hakistahili udongo mtakatifu, halafu humpitishia kikapu cha sadaka." Hapo Eduvigis aligonga kisu chake mezani mara tatu, kwa nguvu, mpaka majani yakaruka. Wanawake wakajifanyia ishara ya msalaba, wakiamini kwamba ameiacha dini.

Kitabu kilipomalizika, aliomba kusema. "Don Celestino, huyo mwandishi wako nimemchambua kama ninavyochambua jani. Kuhusu mwanangu amesema kweli, na hakuna padre aliyewahi kunipa ukweli huo hata kwa kunong'ona. Ndiyo maana niligonga. Lakini anaposema naamini kwa sababu ya woga, jani hilo limeoza, silisokoti. Nimezika mtoto na mume, na kesho yake nikaja kazini. Angekuja yeye tuone nani mwoga."

"Basi uko upande gani, mama?" akapiga kelele kijana mmoja wa meza ya nyuma.

"Upande wa meza yangu. Na wewe rudisha jani langu, nimekuona!"

Walicheka, lakini habari za kisu zilifika kanisani kabla ya kicheko. Jumapili iliyofuata, Padre Anselmo Zabaleta alimruka kwenye safu ya Komunyo. Baada ya misa akamwambia wazi: aombe radhi mbele ya waumini kwa kuushangilia ukafiri, ndipo atapokea. Eduvigis alipenda Ekaristi kuliko chakula. Wote waliomjua wanalishuhudia hilo. Alijua atakachokikosa. Hata hivyo alisema alichokishangilia ni ukweli, na asingeweza kumpa Mungu uongo ili apewe Mungu. Kwa miaka kumi na minane alikuja kila Jumapili, akapiga magoti pamoja na wengine, akarukwa, akarudi kwenye benchi lake.

Don Celestino alimtania. "Unaona, Viges? Kitabu kilisema kweli."

"Kilisema kweli kuhusu padre. Kuhusu Yule aliye mkononi mwa padre hakikujua kitu."

Homa kuu ya mwaka 1918 ilipoangusha mji, aliwauguza wagonjwa arobaini, na watu husema chungu chake cha uji wa wali na kuku hakikuisha kwa siku tisa. Don Celestino alikuwa miongoni mwa wagonjwa hao. Alipona akiwa vilevile, haamini, naye Eduvigis hakumsumbua aamini. Wengine huhesabu uvumilivu huo kuwa muujiza mkubwa kuliko chungu. Mwaka mmoja baada ya kifo cha Eduvigis uzio wa makaburi uling'olewa na wafanyakazi wa kiwanda, wenye dini na wasio nayo, Padre Anselmo akibariki, ili vichanga walale pamoja na jamaa zao. Kwake tujifunze kuyasikiliza matusi mpaka mwisho, kuchukua ukweli popote unapookotwa, na kutoikimbia nyumba ya Mungu kwa sababu mlinzi wa mlango amekosea.

Alifariki tarehe 2 Februari 1931. Padre Anselmo, mzee tayari, alimletea Ekaristi kitandani. Akampa bila kumwuliza lolote. Eduvigis alipokea akilia kwa furaha, akaishika mikono ya padre na kuibusu. Ndipo yule mzee akainama sikioni kwake.

"Binti yangu, tuko wawili tu. Sema neno moja dogo, nami nife kwa amani."

"Dhambi zangu zote nimezitubu, padre, na wewe nakupenda," akasema. "Kwa kile kisu siombi radhi."