Propela ya Kaboni
Karakana nzima ilimwita Sikio, kwa sababu aligonga propela kwa mpini wa bisibisi, akainamisha kichwa, kisha akakwambia ina ufa au haina. Usicheke, alikuwa hakosei. Propela ni lile bomba refu chini ya gari linalopeleka nguvu kutoka kwenye gia boksi hadi magurudumu ya nyuma, na Sikio alizitengeneza tangu hajaota ndevu.

Mdogo wake, dereva wa mashindano, alitaka gari jepesi.

"Kaka, hili lichuma linanivuta nyuma. Nifungie la alumini, yaishe."

"Alumini ikikatika kwa mwendo wako itatoboa sakafu ikufuate hapo kitini. Nimeshaona mguu wa mtu ulivyofanywa."

"Sasa?"

"Kaboni, bomba la nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Yenyewe ikifa inachanika nyuzinyuzi. Miguu yako inabaki yako."

"Haya, mlinzi wa miguu!"

Walicheka. Lakini Sikio hakuwa na mzaha. Mama yao alikuwa na hao wawili tu.

Bomba lilipofika, jeusi, jepesi kama mpini wa ufagio, alilinyanyua kwa mkono mmoja akatabasamu peke yake. Kisha akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote: akalibana kwenye jiliwa, ile midomo ya chuma iliyofungwa mezani, akakaza lisicheze, apate kufunga jointi. Chuma hakijali kubanwa hivyo. Kaboni huumia kwa ndani, na juu inabaki inang'aa vilevile. Alipomaliza akaligonga. Likatoa mlio mzito, wa kufifia. Akajiambia ndivyo kaboni inavyolia. Maskini, sikio lake lilimwambia ukweli, na siku hiyo moja akalipuuza.

Kwenye mashindano gari lilichomoka mbele ya wote. Ng'ambo ya kilima cha kwanza, dereva alipokanyaga mafuta, propela ikachanika. Gari likakwama katikati ya njia, injini ikinguruma bure. Aliyekuwa akimfuata alimwona alipofika kileleni, na breki hazikumsaidia kitu.

Sikio alijilaza mwenyewe chini ya mabaki. Sakafu haikutobolewa. Walioosha maiti walimwambia miguu ilikuwa mizima. Kwenye kipande cha bomba kilichobaki palikuwa na alama mbili za jiliwa, na nyuzi zilianza kuachana hapohapo.

Msibani alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nimemuua mimi. Lile bomba nililibana mezani. Halikutakiwa kubanwa."

Mama alimtazama, macho yamevimba kwa kulia.

"Ulilibana ili iweje?"

"Lisicheze."

"Basi ulilishika vizuri, mwanangu." Akamfuta uso kwa kiganja. "Wewe tangu utoto hujawahi kuachia kitu kikaanguka."