Hodi Ndani ya Pikapu

Kuna siku moja, mwanangu, hunirudia kila nikisikia mtu anakwangua rangi ya gari. Jana nilikuona nyuma ya jikoni, umechuchumaa kando ya gari lako jipya na kipande cha msasa na kikopo cha rangi, unatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Nilirudi ndani nikakaa. Sasa weka msasa huo chini, unisikilize.

Nilikuwa wa umri wako nilipochukua pikapu yangu ya kwanza, mpya kutoka Kisumu, ya kubebea mahindi ya Navakholo. Nyeupe pe! Walioniuzia walinipa dhamana, hii mnayoita waranti: bodi ikitobolewa na kutu inayotoka ndani, wao wenyewe watakata na kurekebisha, mradi fundi mwingine asiiguse. Nilicheka. Gari jipya na kutu, wapi na wapi?

Mwaka haukuisha, baba yangu akafa. Pikapu yangu ndiyo iliyomtoa mochari Kakamega kumpeleka nyumbani. Kwetu mwili haupiti kwa wajomba kimya kimya kama mgeni asiye na adabu. Lazima usimame, marehemu aagwe. Basi tukasimama kwao, karibu na soko la Navakholo, wajomba wakafungua jeneza palepale juu ya gari, skrubu wakazipanga ukingoni mwa bodi. Watu wakaweka maua yao. Mara mvua ikashuka, na unaijua mvua yetu ya alasiri, haipigi hodi. Watu wakakimbilia kufunga, skrubu moja ikakosekana. "Twendeni, hizo zingine zinatosha," mjomba akasema. Tukamzika baba hivyo.

Haukupita muda mrefu, gari likaanza kubisha. Nikikata kona, ngo. Nikipita kwenye tuta, ngo, ngo. Nilitafuta jeki, nikatafuta spana, sikuona kitu. Wateja wangu wakaanza kunong'ona, wengine wakawa hawataki hata kupanda mbele.

Halafu mchana mmoja, jua la baada ya mvua likiwaka, nilimkuta Mama ameketi nyuma ya pikapu, sikio amelibandika kwenye bati. Aligonga kwa kidole. Akangoja. Ndani ya bati kukajibu, ngo.

"Nimekusikia, Baba Nekesa," akasema kwa upole. Nekesa ni mimi.

Mayi wee! Mwili ulinisisimka mpaka kwenye meno. Tangu hapo alikuwa akipeleka chakula chake huko nyuma, obusuma, ugali wetu, na mboga, akigonga na kuongea na bati, chakula kikipoa bila kuguswa. Nguo zikaanza kumpwaya. Nikaona wazi kwamba Mama anamfuata Baba, na kwamba nitawazika wote wawili kabla nyasi hazijaota kaburini.

Kutu nayo ikatokeza juu ya gurudumu la nyuma, pale pale alipokuwa akigonga. Kwanza kipele kidogo chini ya rangi, kisha kikatanuka kama kiganja, na kila asubuhi kilikuwa kimelia machozi mekundu kwenye bati jeupe. Nikasema nitairudisha Kisumu. Mama akasimama mbele ya gari.

"Usithubutu kumkata baba yako na msumeno."

Nikafanya hilo ulilokuwa ukifanya wewe jana. Niliipeleka Amalemba kwa mpaka rangi wa kando ya barabara, apige puti, apake, isionekane tu. Nilitaka amani. Lakini la kuvunda halina ubani. Yule fundi alibonyeza kipele kwa kidole gumba, na kidole kikazama chote. Maji mekundu yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Dada, hii imetokea ndani," akasema. "Nikipaka itarudi tu. Na nikiigusa, wale wa waranti watakukana."

Injini ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyegusa gari. Ndani ya bati kukagonga, ngo.

Fundi alirudi nyuma akijifuta mkono kwenye suruali, akajifuta, akajifuta. "Peleka Kisumu," akaniambia. "Mimi hii sitaki kuijua."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama yote. Aliingia ndani akavaa kitambaa cha kichwa alichovaa siku ya mazishi. "Kama anafunguliwa, nitakuwa hapo," akasema.

Kisumu fundi wa bodi alipiga magoti, akakata. Ikatoka harufu ya maji yaliyolala, na maua meusi yaliyogandana na matope. Akaingiza vidole akatoa skrubu ndefu, imevimba kwa kutu. Ilikuwa imeteleza katikati ya bati la ndani na la nje, ikaja kukaa kwenye tundu la kutolea maji, na maua yakaliziba. Nikaangua kicheko, mwanangu, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Mama, ni skrubu! Ni skrubu tu!"

Mama alinyoosha mkono akapewa. Akanitazama.

"Unadhani sikujua ni chuma, Nekesa? Lakini kilikuwa chake, na kilikuwanga kinanijibu. Nyinyi wote baada ya matanga mlirudi kwa kazi zenu. Nani mwingine alikuwa ananijibu?"

Nimewahi kuchapwa, lakini sijachapwa hivyo tena.

Dhamana ikatimizwa, tukapewa gari na bati jipya. Tukashika njia ya nyumbani. Kila tuta nilijikuta nangoja, na hakuna kilichogonga. Tulipopita soko la Navakholo Mama alianza kulia, kile kilio ambacho mazishini hakikutoka. Nilisimamisha gari nikamkumbatia. Tangu siku hiyo jioni zangu zilikuwa za kwake, tukila sahani moja, na Mama akala.

Nilimuuliza fundi wa Kisumu kuhusu ule mlio wa Amalemba. Alisema bati likipata jua hutanuka, chuma kikasogea. Labda. Siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Mama alipofariki, miaka mingi baadaye, tuliikuta skrubu ile kwenye fundo la kitambaa chake. Nilichukua bisibisi nikaikaza mwenyewe kwenye jeneza lake. Ilikuwa na kutu, iliingia kwa shida, lakini iliingia. Njia nzima hadi nyumbani gari halikutoa sauti.

Basi sikiza, mwanangu. Mkwaruzo wa jiwe utauona mwenyewe, lakini kutu ya ndani hula huku rangi ikikuchekea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usiifunike, mpelekee aliyekuahidi kuitengeneza, mapema, na umwambie kweli yote. Na kama kuna mtu wako anagonga mahali peke yake, usingoje mpaka patoboke. Mwitikie.

Mungu akutangulie kila kona, akupe safari zenye kurudi, na akupe wa kukujibu siku zako zote. Na ukija tena kwangu, usipige honi ukiwa nje pale getini. Shuka, ubishe mlango. Nitaitikia.