Dubu Aliyenasa Nyuma ya Mapipa

Sikuota, sikuwa na homa, wala sikuwa nimekosa usingizi. Nayasema haya kabla ya yote kwa sababu najua utaniuliza, na mie nimechoka kuulizwa. Mume wangu kaniuliza. Daktari kaniuliza. Binti yangu, aliyezaliwa hapahapa London na anayefahamu kila neno langu, kanijibu kwa Kiingereza kwamba mama anahitaji likizo. Likizo! Basi wewe nisikilize mpaka mwisho, kisha useme utakalo.

Mie ni mtu wa Wete, Pemba, na kazi yangu hapa Woolwich ni kutunza wazee majumbani mwao. Mzee niliyekuwa nikimhudumia wakati ule nitamwita Bwana Harold. Mwingereza, kafiwa na mkewe, anakaa peke yake ghorofani. Ujanani alikwenda Kanada akakaa huko miaka mingi akiwaongoza wawindaji porini. Sasa mzee huyu alikuwa na jambo lake moja: anakula. Asubuhi mayai na mikate, mchana sahani mbili za viazi na nyama, jioni anauliza kama kuna kilichobaki. Na kila wiki suruali inazidi kumlegea. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Madaktari wakampima damu, wakampima choo, wakampiga picha ya tumbo. Hawakuona kitu.

Mzee anapokonda na daktari hana jawabu, lawama inamwangukia nani? Meneja wangu aliniita ofisini, akatabasamu lile tabasamu la kikazi, akasema, "Una hakika chakula anakila yeye?"

"Wataka kusema nakila mie?"

"Sijasema hivyo."

Hakusema. Lakini alinambia uzito ukishuka tena atafungua uchunguzi. Unajua maana yake? Ukishaandikwa kwamba ulimnyima mzee chakula, nchi hii hupati tena kazi ya kutunza hata paka.

Nikarudi kwa Bwana Harold nimefura. Nikamtupia neno kwa hasira: "Wewe mzee una tegu tumboni!"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Tegu niliwaona kwa dubu," akasema. "Dubu wa kule hula samaki wabichi msimu mzima, matumbo yao yakajaa. Tulipowapasua tuliwakuta tegu wamejikunja mle ndani kama utepe. Baridi inapokaribia, kabla hajaingia pangoni kulala, dubu huacha samaki akala majani makavu, yale makali yanayokata ulimi. Yanamkwangua tumbo. Ukipita njiani unakuta kinyesi chake, majani matupu, na tegu humo humo. Mara nyingine tegu hatoki mzima. Dubu anakwenda anamburura nyuma."

Mie mkononi nina kikombe cha chai. Nikakiweka chini.

"Siku moja nilimkuta mmoja," akaendelea, "tegu wake kanasa kwenye kichaka. Dubu mkubwa, anazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, analia. Bunduki ninayo, sina la kuogopa. Nikakaa juu ya gogo, nikamcheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamtupia mawe azunguke zaidi. Nilipochoka nikamwacha palepale."

Kisha akaniomba mkate mwingine.

Niamini, sikuyatia maanani. Mie nilikuwa nawaza kazi yangu. Lakini siku chache baadaye, mwezi wa Novemba, niliteremka kutupa taka zake. Ilikuwa alasiri, na alasiri ya London mwezi huo unaijua, giza limeshaingia watoto hata hawajafika nyumbani kutoka shule. Nyuma ya mapipa kuna ukanda wa majani marefu yasiyokatwa na mtu. Tumelalamika mpaka tumechoka. Pale kwenye majani nikamwona mtu kainama, mikono na magoti chini. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, kavaa koti la manyoya ya kahawia. Anakula majani. Sio anatafuta kitu, anakula! Nasikia meno yakiyang'oa.

Nikadhani mlevi. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama yu mzima. Akainua kichwa kidogo, uso sikuuona vyema, akanijibu kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha redioni. Kipemba kitupu, kama mtu wa mtaani kwetu.

"N'menasa, mwanangu. N'vute. Usinikate."

Ungefanya nini? Kukimbia? Nikatazama nyuma yake nikaona utepe mweupe, bapa, upana wa kidole, umetoka chini ya koti na kujisokota kwenye gurudumu la pipa. Kila akisogea unamrudisha, naye anaguna, mguno wa mtu mwenye uchungu mkubwa. Wallahi ule mguno ndio ulionishinda. Glavu za kazi ninazo mkononi. Nikapiga bismillahi, nikausokotoa utepe kwenye gurudumu, nikavuta.

Ulikuwa na joto. Nikavuta taratibu, nikiogopa usikatike, na ukawa unakuja, unakuja, unarundikana miguuni pangu, na harufu ya samaki imenijaa puani. Nasoma kila aya ninayoijua. Mwisho ukaachia. Akashusha pumzi ndefu, moshi wake ukatanda juu ya mapipa, akasimama. Ndipo nilipoiona miguu. Hakuvaa viatu. Nyayo pana za mtu, lakini mbele zina kucha ndefu, nyeusi, zimepinda. Akazunguka pipa la mwisho. Nikachungulia: ukuta mtupu. Nikarudisha macho chini, rundo la utepe halipo, majani tu yaliyolowa.

Nilipanda ngazi, lifti sikuingoja. Bwana Harold alikuwa kitini. Nikamwambia yote. Hakucheka hata kidogo.

"Ulimvuta?"

"Nilimvuta."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akajifunika uso kwa viganja. "Tangu siku ile niliyomcheka, sijapata kushiba," akasema. Akalia, mzee yule, mabega yanatikisika. Nilipompelekea chakula chake cha jioni alikula nusu sahani, akaisukuma. Akasema ameshiba. Alilisema neno hilo kama mtu aliyesahau namna linavyotamkwa.

Kuanzia hapo akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, suruali ikambana. Na meneja wangu? Alikuja, akampima, akafurahi. Akanigeukia mbele ya mzee akasema, "Unaona? Ukimpa chakula chake ipasavyo, ananenepa." Nikataka kupiga kelele. Bwana Harold akajaribu kumweleza habari za dubu, meneja akamwitikia kwa sauti ya kubembeleza mtoto, kisha akaniuliza pembeni tangu lini mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Mzee ameshafariki, kwa uzee tu, na mwili wake wa kutosha. Shahidi sina tena. Nilichobaki nacho ni mbwa. Mbwa wa mji huu zamani wakinirukia mie na baibui langu. Sasa nikipanda basi wanaingia chini ya viti, wanalia, wananusa kwa mbali mkono wangu wa kulia, ule niliouvutia utepe. Wenye mbwa wananitazama kama niliyewapiga. Nikiwaeleza nitaonekana mwendawazimu, kwa hiyo nakaa kimya, na kimya kinaniuma.

Basi wewe uliyenisikiliza, sikuombi uniamini. Nakuomba hili tu: ukimkuta kiumbe kanasa, mtu au mnyama, katika hali ya kuaibisha namna gani, mnasue au upite zako. Usikae juu ya gogo ukamcheka. Hujui atakuja kukudai nini, wala atakufuata mpaka ghorofa ya ngapi.