Nilivyoupima Ubao wa Rafiki Yangu

Rafiki yangu aliuleta ule ubao wa kujazwa upepo, wa kusimama juu yake majini ukipiga kasia, kutoka Bujumbura ukiwa umekunjwa ndani ya begi la mgongoni, kama godoro la mtu anayehama. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyemwachia. Wakati huo rafiki yangu alikuwa amefungua mahali pa kupumzikia ufukweni, upande wa Gatete: vibanda vitatu vilivyoezekwa kwa makuti ya michikichi, viti vya plastiki, soda, samaki aina ya mukeke wa kukaanga. Alitaka kuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho kuanzia Rumonge mpaka Magara.

"Ndugu yangu," aliniambia, "wewe ndiye unayeyajua maji. Chukua huu ubao uupime mwezi mzima. Halafu uniambie ukweli wote, hata ukiwa mchungu."

Sikuhitaji kubembelezwa. Mimi na yeye tulizaliwa ng'ambo, katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Kigoma, ambako wazazi wetu walikuwa wamekimbilia. Tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Familia zetu zilirudi Burundi katika msafara mmoja. Tulifika hapa Kirundi chetu kikiwa cha kuokoteza na Kifaransa hatuna kabisa. Watu walitucheka, basi na sisi tukachekana wenyewe, ikawa nafuu. Mimi niliishia kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alijaribu mambo mengi. Ungeniuliza mwaka ule ni nani ningemwachia wanangu kama ningekufa, ningemtaja yeye bila kufikiri.

Siku ya kwanza tuliujaza upepo pamoja. Pampu ilikuwa ya kusimama, na kwenye mpira wake kulikuwa na kidude cha mviringo chenye mshale wa kuonyesha hewa imefika wapi. Tulipokezana mpaka mashati yakalowa. Ubao ulipokaza, ukiugonga kwa vidole ulilia kama ngoma. Nikaupeleka majini, nikapiga magoti juu yake, nikasimama, nikaanguka. Akina mama waliokuwa wakifua pale mawe yanapoanzia walipiga kelele za furaha. Nilianguka mara kumi au zaidi asubuhi ile. Mara ya mwisho sikuanguka.

Lazima niseme kwamba niliupenda. Katika mtumbwi unakaa, macho yako yako karibu na maji na huoni kitu. Ukisimama juu ya ubao, unaona mpaka chini: mawe, mchanga wenye mistari, samaki wadogo wenye milia wakikimbia kivuli chako. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na nilikuwa sijawahi kulitazama ziwa hili nikiwa wima katikati yake. Niliporudi darasani nilihisi sakafu inacheza.

Lakini nilikuwa nimeombwa kupima, nikapima. Nilinunua daftari la wanafunzi. Baada ya kazi nilikwenda ufukweni, na Jumamosi nilikwenda asubuhi mapema, wakati ule upepo unashuka kutoka milimani na kusukuma kila kinachoelea kuelekea Kongo. Niliupima ubao nikiwa peke yangu, kisha nikiwa na madumu mawili ya maji, kisha mwalimu mwenzangu mnene alikubali kukaa mbele. Niliuacha juani. Niliubonyeza kwa kidole gumba kila baada ya nusu saa.

Wiki ya pili nikaanza kuona tatizo. Ukishakaa majini kama saa moja, ubao ulilegea katikati, ukajikunja chini ya miguu yangu kama jani la mgomba, na maji yakapanda juu. Nilipaka povu la sabuni kila mahali mpaka nikaona mapovu yakichemka taratibu kwenye mshono wa nyuma. Fundi baiskeli wa sokoni alibandika kiraka. Kikadumu siku mbili. Akabandika kingine kikubwa zaidi, mapovu yakatokea pembeni yake. Tena kasia lenyewe lilikuwa la vipande viwili, na pale vinapoungana palikuwa pamelika. Ukivuta kwa nguvu, kipande cha chini kinachomoka na kubaki majini. Na siku yenye upepo wa mlimani, ubao ukiwa umelegea, mimi niliyekulia ziwani nililazimika kulala kifudifudi na kupiga maji kwa mikono ili nirudi nchi kavu.

Niliandika kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza nilisifu, kwa sababu yaliyostahili sifa yalikuwepo: ni mwepesi, unatulia, asiyezoea anaweza kujifunza kusimama kwa siku moja. Ukurasa wa pili na wa tatu ulihusu mshono, kasia na upepo. Nikamalizia hivi: usimpe mgeni yeyote ubao huu mpaka mshono utengenezwe na mtu anayejua, na hata hapo, awe amevaa jaketi la kuelea, na ubao ufungwe kamba ndefu kwenye nguzo ya kibanda.

Alisoma zote tatu mbele yangu, midomo ikicheza. Kisha akanikumbatia.

"Murakoze sana, ndugu yangu. Umenisaidia kuliko unavyojua."

Nikamwachia daftari lote. Wiki iliyofuata nilipanda Bugarama, milimani, kusahihisha mitihani, nikakaa huko siku kumi.

Niliporudi, nilipita kwa dada yangu kabla ya kufika kwangu, kama nilivyozoea. Dada yangu ni mjane, mkubwa kwangu kwa miaka tisa, anauza mawese sokoni. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka mchana, yeye ambaye mchana haketi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Binti yake aliniangalia, akaingia ndani bila kunisalimu.

"Amahoro, dada. Kuna nini?"

"Nimepanda ubao wako," alisema.

Nilidhani anatania.

"Rafiki yako ameweka kibao pale kwake," akaendelea. "Maandishi makubwa: ubao huu umepimwa mwezi mzima na mwalimu fulani, ni mwepesi, unatulia, asiyezoea anajifunza siku moja. Nikasema, ah, kama ni mudogo wangu amepima, mimi naogopa nini? Watoto wangu wamekua, mume wangu amekwenda. Na mimi niache mawese siku moja nijifurahishe."

Alikwenda asubuhi mapema, kabla ya watu kujaa. Rafiki yangu mwenyewe alimshika mkono kumpandisha. Alipiga magoti kama alivyoelekezwa, hata akasimama kidogo, akacheka. Upepo ulikuwa unashuka. Alipotaka kugeuka, kasia likaachana, akabaki na fimbo tupu. Akakaa. Nchi kavu ikaanza kuwa ndogo. Baada ya muda ubao ukaanza kuzama katikati, maji yakamfika kiunoni, akalala juu yake na kushika kamba za mbele kwa mikono yote miwili. Dada yangu hajui kuogelea. Aliomba zaburi zote anazozijua, na alipozimaliza akazianza upya. Wavuvi waliokuwa wamechelewa kurudi na dagaa wao ndio waliomwona. Walisema kwa mbali walidhani ni gogo.

"Hakukupa jaketi?"

"Jaketi lipi?"

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja mpaka ufukweni. Kibao kilikuwa bado kimening'inia kwenye nguzo, sifa zangu zote zimeandikwa kwa rangi ya bluu. Rafiki yangu alikuwa anapanga viti.

"Ulisoma kurasa tatu," nilimwambia. "Nilikuona ukizisoma."

"Ndugu yangu, kaa kwanza. Kunywa kitu."

"Kwa nini umeandika uongo?"

Alinitazama kama mtu aliyeonewa. "Uongo uko wapi hapo? Nionyeshe neno moja ambalo si lako. Yote ni maneno yako, nimeyanakili kama yalivyo."

Nilisoma kile kibao tena kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa kweli. Katika sifa hizo hakuwa ameongeza hata nukta. Nilitamani angekuwa ameghushi, kwa maana ningejua pa kumshika.

Habari zilikuwa zimeenea, na kamati ya mwalo, wanaosimamia bandari ya wavuvi, ikatuita sote Jumapili baada ya misa. Tulikaa chini ya bati wanapopimia samaki: wazee wanne wa kamati, wale wavuvi, dada yangu, na watu wengine waliokuja kusikiliza. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: huyu mwalimu alikuambia nini kuhusu ubao?

Rafiki yangu alisimama, akakunja mikono mbele kama tulivyofundishwa utotoni. "Mwalimu alinipa karatasi moja," alisema. "Ilisema ubao iko muzuri. Mimi si mtu wa kujua mambo hayo. Nilimwamini."

Hakunitazama alipokuwa akisema. Kama angenitazama, labda asingeweza. Mimi nilikuwa nikimtazama shingoni, penye kovu alilolipata tulipokuwa wadogo tukivunja kuni pamoja, nikangoja aseme kitu kingine. Akaketi.

Nikaomba ubao uletwe. Nikasema, tuujaze hewa mbele ya wote, tuuweke majini na mifuko miwili ya mchanga, tungoje saa moja. Ubao utasema wenyewe. Vijana wa pale wakapiga pampu. Watu wakakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, jua likachoma, mtu mmoja akaleta karanga. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, nikaanza kuona aibu. Kisha mfuko mmoja ukainama kidogo. Kisha ubao ukakunjika katikati polepole, na mchanga ukaanza kumwagika ziwani. Watu wakasema, "Eeeh!"

Nilidhani nimeshinda. Mwenyekiti akanigeukia.

"Basi ubao ni mbaya, tumeona wote kwa saa moja. Wewe uliupima mwezi mzima. Hukuona?"

Nikasema niliona, na yote niliyaandika. Daftari halikuwa mikononi mwangu, na sikuwa nimejibakizia nakala. Wote waliokuwa pale waliningojea nionyeshe, na rafiki yangu naye aliningojea, akitazama chini.

Dada yangu ndiye aliyesema. "Mimi namjua huyu. Akiomba chumvi kwa barua, anajaza kurasa mbili. Hawezi kupima kitu mwezi mzima aandike karatasi moja."

Watu walicheka, na kicheko kile kilinisaidia kidogo. Lakini hakikuwa ushahidi. Kamati ilikataza ubao usiingie tena majini, ikamwambia rafiki yangu amwombe dada yangu radhi. Aliomba, akainama sana. Mimi hakuniomba chochote, na kamati haikumwambia aniombe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na dada. Nilimweleza njia nzima yaliyokuwa katika ukurasa wa pili na wa tatu, kama mtu anayetapika. Alinisikiliza mpaka tulipofika kwenye michikichi yake.

"Nakuamini," alisema. "Lakini ulijua. Ulijua wiki ya pili, ukabandika viraka, ukanyamaza. Uliandika yote ukampa mtu mmoja, tena mwenye mali. Ulikuwa unakula kwangu kila Jumapili. Ungeniambia mimi kwa mdomo: dada, ule ubao usiukanyage."

"Nilimwamini, dada."

"Najua. Na mimi nilikuamini wewe."

Alisema kwa sauti ya kawaida, akaingia kuwasha moto. Nikaingia kumsaidia kuchambua maharage, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Viganja vyake vilikuwa havijapona, akawa ananionyesha kwa kidole vijiwe nilivyoviruka.

Sasa nikikutana na rafiki yangu njiani tunasalimiana. Anauliza habari za shule, namuuliza habari za biashara. Kibao alikitoa. Nimesikia ubao aliuuza kwa mtu wa mbali. Nilituma ujumbe kwa kila ninayemfahamu kwenye ufukwe huu mpaka Magara, nikataja mshono na kasia, na safari hii sikuanza kwa sifa. Mkewe alikasirika, akasema namharibia mumewe jina. Labda ni kweli.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili. Wazazi wetu wamekwisha kufa, na wenzetu wa ng'ambo wametawanyika. Juzi wanafunzi waliniuliza nilijifunzia wapi kupiga mbizi, nikaanza kuwasimulia juu ya jiwe moja kubwa tulilokuwa tukirukia kule utotoni. Lilikuwa na jina. Nililitafuta mbele ya darasa zima, nikalikosa. Dada hakuwa akija kule na sisi; hapa Rumonge kuna mtu mmoja tu anayelijua, na ana simu, na nyumba yake naiona nikisimama mlangoni kwangu. Niliwaambia wanafunzi wafungue hesabu.